Hoteli Yenye Njia Mbili za Kwenda Ufukweni

Wenzangu wa machimboni wameniuliza mara nyingi: Mwita, ni kweli ulikwenda kulala hoteli ya matajiri ufukweni pamoja na mama mkwe wako? Wakisikia ni kweli, wanacheka mpaka wanakaa chini. Mmoja aliniuliza kama nilioga naye ziwani. Nimechoka kumweleza kila mtu kipande kipande, kwa hiyo nimeamua kuiandika safari yote, tangu tulipotoka mpaka tuliporudi. Anayetaka kucheka acheke akiwa na habari kamili.

Sababu ya safari ilikuwa mke wangu, Nyangi. Miaka ile ya mlipuko wa dhahabu watu walikuwa wanamiminika upande wetu wa Tarime kutoka kila mkoa, na wengine wakivuka kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Ukilala leo, kesho unaamka na jirani mpya mwenye kibanda cha turubai. Mimi na Nyangi tulipanga chumba hatua chache kutoka kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Karasha halijui Jumapili. Vikombe vyetu vilikuwa vinatembea vyenyewe juu ya meza kwa mtikisiko wake. Ni katika chumba hicho Nyangi alishikwa na uchungu mimba ikiwa na miezi saba, na mtoto wetu wa kwanza akazaliwa amekwisha kufa.

Siku hiyo hiyo duara letu, shimo tulilokuwa tunachimba watu sita, lilitema. Ndivyo tunavyosema wachimbaji shimo likitoa dhahabu. Nilipanda juu jua limeshaanza kushuka, nimeshika fungu langu mfukoni, nikakuta yote yamekwisha. Nyangi aliniuliza jambo moja tu: "Hawakukuita?" Nikamjibu kwamba habari hazikunifikia kule chini.

Huo ulikuwa uongo. Mtu alikuja juu ya shimo akapiga kelele, "Mwita, mkeo ameshikwa, wamempeleka zahanati!" Nikamjibu, "Waambie nakuja." Lakini mbele ya macho yangu jiwe lilikuwa limeanza kuonyesha rangi ya njano, nikasema moyoni, saa moja tu. Naandika hapa kwa sababu bila jambo hili hamtaielewa safari.

Tangu siku ile Nyangi hakugombana nami. Alipika, alifua, alijibu ukimwuliza. Kucheka ndiko kulikokwisha. Mnaomjua mke wangu mnajua kicheko chake kinavyofika mahali kabla yake. Miezi mitano sikukisikia.

Mwezi huo wa tano ulipokuwa unaisha, mama yake alikuja kutoka Natta. Hapa nieleze kwa wasomaji wa mbali: kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na hawakai chini ya paa moja. Siyo chuki, ni heshima. Kwa hiyo alipoingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama nyuma ya ukuta wa mabati. Nikamsalimu nikiwa huko huko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, naye ameelekea upande wa pili. Kisha akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie huyo mtu wako kwamba nimekuja kukuchukua. Sikuzaa mtoto aje akaukie kwenye vumbi la mawe kama dagaa."

Nyangi hakukataa. Nikasema kupitia mabati: "Nyangi, mwambie mama anipe siku nne. Nataka nikupeleke mahali penye ukimya. Ufukweni."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeziota fukwe tangu nikiwa darasa la sita. Kwenye simu yangu kulikuwa na picha nyingi nilizohifadhi: mchanga mweupe, kitanda chenye chandarua kirefu, kiti kimoja kinatazama maji. Nilikuwa nazitazama kule shimoni wakati wa kupumzika, wenzangu wananiita Bwana Likizo.

Karasha likazidi kuunguruma. Mama mkwe akasema: "Mwambie basi, na mimi nakuja. Nitamwangalia mwanangu kwa macho yangu. Tukirudi, tukifika pale Makutano, barabara ya Natta inapoachana na barabara ya Tarime, nitajua. Kama amepona moyo atarudi kwake. Kama bado, anapanda nami gari la Natta, na asinifuate mtu kuja kumdai."

Akarudi kwake Natta kungoja siku ya safari. Hivyo ndivyo nilivyojikuta natafuta hoteli ya watu watatu, ya kifahari, yenye ukimya, ambayo ndani yake mimi na mmoja wa wageni wangu hatutakutana hata mara moja.

Kituo cha kwanza kilikuwa Robanda. Jumatatu asubuhi nilipanda basi mpaka Mugumu, nikachukua bodaboda mpaka kijijini pale pembeni mwa hifadhi, kwa sababu kaka yake Nyangi, Wambura, anafanya kazi ya kutandika vitanda katika kambi ya watalii. Nilijua mtu anayetandika vitanda vya matajiri anawajua matajiri. Nilimkuta nyuma ya kambi anaanika mashuka. Tukakaa juu ya makreti ya soda, mashuka meupe yanatupepea usoni, nikamweleza.

"Mura," akaniambia, yaani kijana, maana hupenda kunitania kwa Kikurya, "hoteli nzuri unaijua kwa vitu ambavyo haina."

"Vitu gani?"

"Haina redio. Haina jenereta chini ya dirisha. Haina mtu wa kukuuliza umeamkaje mara tatu kabla ya chai. Wageni wetu wanatoka Ulaya kuja kulipia vitu visivyokuwepo."

"Basi niwalete hapa kwenu?"

"Wazo zuri! Tembo wanapita jioni pale kwenye kijito, mgeni amekaa na kinywaji chake anawatazama."

"Shemeji, mama yako mwaka juzi alikesha shambani na debe kufukuza tembo hao hao. Sasa nimlipie akae na kinywaji awatazame?"

Wambura alicheka mpaka shuka likamwangukia. "Angesimama na debe hapa hapa, na wageni wote wangefungasha. Halafu kweli, ufukwe hatuna."

Tukafungua simu. Hoteli ya kwanza ilikuwa pwani kabisa, bahari yenyewe, na mimi moyo wangu wote ulikuwa huko. Tukahesabu njia: siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Siku nne zangu zingeishia barabarani, tungefika tukaona maji kupitia dirishani na kugeuza gari. Nikaifunga ile picha kwa huzuni kidogo.

Ya pili ilikuwa Musoma mjini, ghorofa, bwawa la kuogelea la bluu. Nikasema, si hii hapa! Wambura akazikuza picha kwa vidole viwili kama daktari. "Ona hapa. Spika kubwa mbili kando ya bwawa. Halafu ona vyumba, vyote vinatokea kwenye korido moja. Wewe unatoka chumbani asubuhi unapiga mswaki, na mama naye anatoka na taulo."

Wote wawili tulifumba macho.

Ya tatu ilikuwa upande wa Majita, mbali na mji, katika ghuba ndogo ya Ziwa Victoria. Vijumba vya mawe vimejificha kati ya miamba mikubwa, mchanga wa rangi ya unga wa mtama, maji. Picha zilikuwa sita tu, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake.

"Hii," akasema Wambura. "Hapa hata mpiga picha aliona aibu kuongea. Piga."

Nikapiga. Akapokea kijana mwenye sauti laini, akajitambulisha kwa jina la Elia. Baadaye nilijua anatoka Moshi, na kwamba hapo yeye ndiye mapokezi, mhudumu wa mezani na mbeba mizigo.

"Karibu sana, kaka. Unahitaji vyumba vingapi?"

"Viwili, viwe mbali kabisa. Kimoja mwanzo, kimoja mwisho."

"Hilo linawezekana."

"Na njia za kwenda ufukweni ziko ngapi?"

"Njia?"

"Ndiyo. Kama kuna watu wawili hawatakiwi kukutana njiani."

"Zipo mbili, kaka. Moja inapita kwenye miamba, nyingine kwenye bustani."

"Na kula je? Lazima watu wote wale sehemu moja?"

"Kaka," akauliza kwa upole sana, "samahani, hao watu wawili wamegombana?"

"Hapana, hapana! Wanaheshimiana sana!"

"Nimekuelewa," akasema Elia. Mimi nikaamini kwamba amenielewa.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka machimboni kwa gari dogo nililokodi. Nyangi alikaa nyuma na mkoba wake wa bluu mapajani, ameegemea kioo. Nilijaribu kumwonyesha hili na lile. Hapa Turwa, ona viwanja vinavyouzwa, nyumba zinajengwa mpaka kwenye mashamba ya mihogo. Ona daraja la Mara, ona mafunjo yalivyo mengi. Alikuwa anaitikia, "Naona." Dereva alikuwa mzee mchangamfu, akaona hali, akawasha redio, akaona tena, akaizima.

Saa tatu tulifika Makutano, mama mkwe yuko pale kando ya barabara amekwisha fika kutoka Natta, amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, na ndoo ndogo yenye kifuniko. Mimi nilikuwa nimeshahamia kiti cha mbele. Tulisalimiana kila mtu akiwa anatazama mlingoti wake wa umeme. Akaingia nyuma. Gari lilipoanza kuondoka ndipo nikagundua kuwa nikiinua macho tu, kile kioo cha katikati kitanionyesha uso wake wote. Nikakigeuza juu haraka.

"Wewe!" dereva akaruka. "Nyuma nitaonaje?"

"Baba, huyo ni mama mkwe wangu."

"Aaa." Dereva akatafakari, naye ni mtu wa huku huku. "Basi tutatumia vya pembeni. Lakini nikigongwa na lori kwa nyuma, utanieleza mbinguni."

Kutoka nyuma nikasikia mama mkwe amekohoa. Mpaka leo sijui kama kilikuwa kikohozi.

Tukapita pembeni mwa Musoma, tukashika barabara ya vumbi ya Majita. Ziwa likawa linajitokeza na kupotea upande wa kulia, mara kati ya migomba, mara nyuma ya mwamba mkubwa kama nyumba. Wanawake walikuwa wameanika dagaa juu ya miamba, kilima kizima kinang'aa kama kimemwagiwa vipande vya vioo. Saa saba mchana gari likaingia geti la mbao, dereva akazima injini.

Ndugu zangu, sijui niueleze vipi ukimya ule. Wachimbaji mtanielewa. Nilikuwa nimekaa miaka na karasha kichwani, sasa likatoka, nikaona kama kichwa changu kimekuwa chepesi kinataka kupaa. Nilisikia maji yakilamba mchanga. Nilisikia ndege mdogo akitembea juu ya majani makavu. Msimu wa wageni ulikuwa bado, tulikuwa sisi peke yetu hoteli nzima.

Elia alitupokea na maji ya ndimu. Kijumba changu na Nyangi kilikuwa mwisho kabisa kwenye miamba: kitanda kipana, chandarua kirefu kama cha kwenye picha zangu, na mlango wa kioo unaotazama maji. Niliketi kitandani, nikainuka, nikaketi tena. "Nyangi, njoo uone kinavyorudi juu chenyewe!" Aliketi. "Ni kizuri," akasema. Akatazama maji.

Mama mkwe yeye alipelekwa kijumba cha mwanzo, kwenye bustani. Nyangi alirudi kutoka huko ananiletea habari. "Mama anauliza kitanda kile wanalala watu wangapi. Ameambiwa yeye peke yake, anasema ni dhambi. Amekwisha fagia chumba, na yule kaka analia eti mama amechukua ufagio wake. Sasa anauliza jiko liko wapi akasaidie."

"Mwambie hapa mgeni hasaidii."

"Nimemwambia. Anasema basi hapa hawana adabu, kumwacha mgeni akae kama mgonjwa."

Tukapanga ratiba. Asubuhi ufukwe ni wa mama mkwe, anapita njia ya bustani. Baada ya mchana ni wangu, napita njia ya miamba. Nyangi ana ruhusa saa zote. Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri kabisa. Nilikaa kwenye kile kiti kimoja kinachotazama maji, kwa kweli nilikaa, mpaka nikaanza kujisikia mtu mkubwa. Lakini kila nikigeuka kumtazama Nyangi, amekaa tu, mikono mapajani, kama mtu anayengoja gari. Zilibaki siku tatu.

Ijumaa saa sita na nusu Elia alikuja kwangu mbio. "Kaka, chakula cha mchana leo tumewaandalia kando ya maji, chini ya turubai. Njoo peke yako, dada ametangulia." Nikaona ni ukarimu wa hoteli kubwa. Nikavaa shati langu jeupe, nikashuka kwa njia ya miamba.

Kumbe na mama mkwe ameambiwa maneno hayo hayo, naye anashuka kwa njia ya bustani.

Kwenye mchanga kulikuwa na meza moja ya duara, nguo nyeupe, maua mekundu katikati, mishumaa miwili inawaka mchana kweupe, na viti vitatu. Nyangi amekaa kwenye kimoja anashangaa. Mimi nilitokeza upande wa kulia, mama mkwe akatokeza upande wa kushoto, na Elia akasimama katikati na sinia la sato wa kukaanga mkono mmoja, mwingine ameunyoosha kutukaribisha.

"Karibuni wote wawili," akasema, macho yanamng'aa. "Familia ni familia. Leo yaliyopita yaishe. Mkae, mshikane mikono!"

Sijawahi kukimbia hivyo, hata siku ukuta wa shimo ulipokatika. Niligeuka nikaingia nyuma ya mtumbwi uliokuwa umepinduliwa, nikachutama. Mama mkwe alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alijifunika khanga kichwani, akageuza, akapita bustanini na viatu vyake vya kanisani mkononi, sikujua kama mama wa umri ule ana mbio zile. Elia akabaki ananiita mimi, anamwita mama, anazunguka na sinia kama mtu anayefukuza kuku wawili walioelekea pande mbili. "Jamani! Kosa langu ni nini? Mama! Kaka! Samaki anapoa!"

Ndipo nikakisikia.

Kilianza kidogo, kama mtu aliyepaliwa. Kisha kikafunguka chote. Nyangi alikuwa anacheka, ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anajaribu kumweleza Elia na hawezi. "Ni mama... ni mama mkwe wake... wewe umewawekea mishumaa!" Elia akashika kichwa. "Mungu wangu. Mimi nilidhani ni ugomvi wa mashamba!" Na Nyangi akaanza upya.

Nikainua kichwa juu ya mtumbwi nimtazame. Upande wa pili, nyuma ya mwamba wa bustanini, kichwa kingine chenye khanga kikainuka kumtazama yeye yule. Macho yetu yakakutana. Ilikuwa mara ya kwanza nauona uso wa mama mkwe wangu, nao ulikuwa umelowa machozi. Hata wangu nadhani ulikuwa hivyo hivyo. Tukainama wote pamoja.

Nyangi alikula samaki wa watu watatu. Mimi nililetewa ugali nyuma ya mtumbwi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, tulikaa mimi na yeye kwenye miamba. Nilifurahi mno, nikawa naropoka: unaona, nilisema, ukimya ni dawa, nilijua tu. Nyangi alikuwa anachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Mwita," akasema, "hoteli hii ni ya dhahabu ya siku ile?"

"Ndiyo."

"Nilijua."

Furaha yangu yote ikakauka mdomoni. Nikatazama maji, nikaona hakuna karasha la kujificha ndani ya kelele zake. Hapo nikasema. Nilimwambia kwamba niliitwa. Kwamba nilisikia vizuri, na nilijibu nakuja, na nikabaki kwa sababu ya jiwe. Kwamba nilimdanganya siku ile, na kila siku baada yake. Nilisema nikilia, kamasi na kila kitu, siyo kama kwenye ndoto zangu za ufukweni.

Alifuta kwa mguu ile michoro yake mchangani.

"Yule mtu aliyekuja kukuita," akasema, "alirudi zahanati akaniambia ulivyojibu. Nilikuwa najua tangu jioni ile."

"Miezi mitano yote hii?"

"Nilikuwa nakungoja. Kila ukirudi nasema labda leo. Unaleta nyama. Kesho labda. Unaleta khanga." Akavuta pumzi. "Nikasema kama hasemi, basi hata mtoto hamhesabu."

Nikamwambia nilikuwa nimeshamchagulia jina, na sikuwa nimemwambia mtu. Nikamtajia. Jina hilo siliandiki hapa, ni letu. Nyangi alilitamka polepole, mara mbili, akalia, nami nikamshika. Baadaye akafuta uso kwa upindo wa gauni langu, namaanisha gauni lake, hata nilikuwa sijui nguo ya nani ni ipi.

"Wewe mwanamume," akasema, "umetuleta na mama mpaka Majita, umemtesa kaka wa watu, ili useme maneno ambayo ungeyasema pale jikoni?" Akacheka tena, kidogo, na pua imeziba.

Jumamosi ilikuwa siku tamu kuliko zote, na sina mengi ya kuiandikia. Tuliingia majini na nguo zetu. Nyangi alinimwagia maji, nikaanguka. Asubuhi, nikiwa nimejifungia kwenye zamu ya mama mkwe, nilisikia kwa mbali wao wawili wanaimba wimbo wa kupalilia. Mchana Elia aliniletea bakuli la uji mzito wa ulezi na maziwa, akaniambia, "Nimekatazwa kusema umetoka wapi." Ndani ya ile ndoo yenye kifuniko kumbe mama alibeba ulezi wake kutoka Natta, maana hakuamini kwamba hoteli inaweza kulisha watu. Sasa alikuwa ameshinda vita ya jikoni, anawafundisha wapishi kusonga.

Jumapili saa nne asubuhi tukaagana na Elia. Aliniomba radhi kwa mara ya kumi, nami nikamwambia kama angetuelewa ningerudi mikono mitupu.

Saa saba tulikuwa Makutano. Njia nzima kioo cha katikati kilitazama juu. Gari la kwenda Natta lilikuwa limekwisha washwa, kondakta anaita. Mama mkwe akashuka na ndoo yake. Nyangi naye akashuka, mkoba wa bluu mkononi. Mimi nikabaki kwenye kiti changu natazama mlingoti wangu wa umeme, maana sheria ilikuwa imekwisha wekwa, nami sikuwa na sauti.

Nilisikia wanaongea kwa Kinata, sielewi yote. Nyangi alisema neno la kuvuna, na neno la nyumbani. Mama akamwuliza kitu, akajibu, "Ameshasema, mama." Hilo alilisema kwa Kiswahili, nadhani makusudi.

Kisha mama mkwe akanena kwa sauti ya kufika mbali. "Mwambie huyo mtu wako. Chumba kile cha vumbi kiishe. Atafute nyumba Turwa, penye shamba la kulima. Akichimba achimbe, lakini arudi nyumbani mahali ambapo mtu anaweza kusikia akiitwa."

"Nyangi, mwambie mama nimesikia," nikasema.

Mtu asiyeruhusiwa kukugusa hawezi kukukabidhi kitu mkononi. Anakiweka chini, anarudi nyuma, na wewe unakuja kukichukua. Mama mkwe alimnyang'anya Nyangi mkoba wa bluu, akaubeba mpaka katikati ya uwazi kati ya magari mawili, akauweka juu ya lami, akaufuta vumbi kwa khanga yake, akarudi nyuma hatua kumi, akageuza uso.

Nikashuka. Nilitembea nimeinamisha kichwa, nikauchukua. Ulikuwa mzito kuliko ulipokwenda, kwa sababu ndani yake mama alikuwa ametia ulezi wote uliobaki. Kondakta wa gari la Natta akapiga makofi mawili, bila kujua anapigia nini.

Sasa mimi na Nyangi tunakaa Turwa, na naandika haya kibarazani. Anayetaka kwenda ufukweni na mkewe, nimejifunza machache ninayoweza kumpa. Chagua hoteli ambayo picha zake hazina watu. Uliza kuhusu spika. Uliza kuhusu njia, na mweleze mhudumu waziwazi maana yake. Na kama kuna neno umelikalia, liseme kabla hamjafungasha. Sisi tulizipata siku nne, na mimi mbili za kwanza nilizitumia kuogopa nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukalia.